Siri Mbili na Bwawa la Baba Dogo

Watu wengi hujidai wana kifua cha kuweka siri, mpaka siku wanapopewa siri yenyewe. Kavindu hakujidai. Alikuwa ameilea hosteli ya wasichana miaka nenda miaka rudi bila neno hata moja kumponyoka, na ndiyo sababu Chuo Kikuu cha Upeo Mpya kilipotafuta Mpatanishi kilimwendea yeye. Mpatanishi ni yule mtu wa chuo asiye upande wa yeyote. Mwanafunzi, mhadhiri au mfagiaji, akiwa na jambo linalomkaba koo na hawezi kumwambia mkubwa wake, humpelekea yeye.

Chuo chenyewe kilikuwa mtaa wa Baba Dogo, ndani ya kilichokuwa kiwanda cha sabuni. Usicheke, wako waliosomea pabaya zaidi. Ofisi ya Kavindu ilikuwa stoo ya zamani ya marashi ya sabuni, na hata baada ya kupakwa rangi mara tatu, kila aliyeingia kulia alitoka ananukia ndimu. Kila mgeni alipoketi, Kavindu alimwambia maneno aliyofundishwa kwenye semina.

"Utakayosema humu yatabaki humu. Simwambii mkubwa wako, simwambii mume wangu, na tukikutana njiani sitasema hata kwamba ulikuja. Isipokuwa jambo moja. Nikiona uhai wa mtu uko hatarini, na hatari imeshafika mlangoni, hapo nitasema. Nitasema kidogo, na kwa wachache, lakini nitasema."

Wageni husikia ile nusu ya kwanza tu. Ile ya pili huwapita kama tangazo la dawa redioni.

Siku moja akaingia Mbaluka, mwalimu wa michezo, kijana mrefu mwenye firimbi shingoni na mabega ya kuvunja mlango. Aliketi akatazama sakafu.

"Mwaitu," akasema, maana wote wawili walikuwa Wakamba na yeye alimheshimu kama mama, "mimi sijui kuogelea."

Huyu ndiye aliyekuwa akifundisha kuogelea.

"Hata kidogo?"

"Mwaitu, nimezaliwa Mwingi, kwenye ukame. Ningejifunzia wapi, kwa mtungi?"

Ikawa hivi. Chuo kilipotangaza nafasi, Mbaluka aliomba afundishe voliboli. Katika mahojiano, Makamu wa Chansela, Profesa Wahome, akamuuliza kama anaweza kuogelea pia. "Na kwa interview," Mbaluka akaeleza, "mtu akiulizwa kama anaweza, anasema ndio. Hata wangeuliza kama naweza kurusha ndege ningesema ndio." Hakujua kwamba nyuma ya chuo kulikuwa na tangi kubwa la kiwanda lililochimbwa ardhini, na kwamba Profesa alikuwa ameshaagiza lipigwe vigae vya buluu liwe bwawa la kuogelea.

Bwawa lilikamilika, ila maji ndiyo hayakuwapo. Baba Dogo mfereji hukoroma siku nyingi kabla ya kutema chochote, na unapotema, watu wana nguo za kufua. Mbaluka akaona mkono wa Mungu. Akasoma kila kitu kuhusu kuogelea, akaanza kufundisha nadharia, kisha nadharia ilipoisha akawalaza wanafunzi kifudifudi juu ya madawati. Ukipita darasa lile ungeona watu wazima wamelala kwa safu, wanapiga mikono na miguu hewani, na Mbaluka akitembea katikati akipuliza firimbi na kumwambia fulani ainue kiwiko.

"Na Profesa umemwambia?"

"Nimwambie nirudi wapi? Kabla ya kazi hii nilikuwa nauza soksi Kayole, na digrii yangu ndani ya begi moja na soksi. Mama yangu ametangaza kanisa lote kwamba mtoto wake ni mwalimu wa chuo kikuu. Bado niko kwa majaribio, Mwaitu. Nikifutwa sasa, sijui nitaficha uso wapi."

Kavindu alimhurumia sana. Akapima jambo lile kwa kanuni zake. Je, uhai wa mtu ulikuwa hatarini? Bwawa lilikuwa kavu. Jambo baya zaidi lililokuwa limetokea ni msichana mmoja kuanguka kutoka dawatini akipiga mtindo wa kipepeo. Akamshauri Mbaluka aende mwenyewe kwa Profesa, kwa hiari, kabla maji hayajaja. Mbaluka akasema atafikiria. Mtu akisema atafikiria ujue amekataa, na Kavindu alijua.

Basi siri ikakaa salama, maadamu maji hayakuja.

Hapo ndipo Kavindu alipoanza kuombea ukame. Yeye na mumewe Munyoki waliishi mtaa wa Fedha, na kule nako maji yalikuwa ya mgao. Mfereji ulipokauka, jirani wote walinung'unika ngazini, na Kavindu pekee alipanda na mitungi yake akiimba. Katika ushirika wa jioni, mzee wa kanisa aliomba Mungu aifungulie mitaa yote ya Eastlands maji kwa wingi, watu wakaitikia amina ya kutikisa vioo, na Kavindu akajifanya anakohoa.

"Wewe," Munyoki akamwambia njiani, "tangu lini hutaki maji?"

"Nataka."

"Umekohoa."

"Ni kazi, Baba Ndete. Usiniulize."

Munyoki alikuwa dereva mstaafu, mtu wa kuchunguza. Akaenda akifikiria ni kazi gani ya ofisini inayomfanya mtu akatae maji, na hakupata jibu, na hadi leo hajalipata.

Sasa sikiliza balaa linavyozaliwa. Profesa Wahome alikuwa mtu mwema ila mdomo wake ulitangulia kichwa. Alisomea ng'ambo ujanani, na tangu arudi alikuwa na hadithi ya mto fulani mkubwa wa huko aliouvuka wakati wa baridi. Kila mahafali mto ule uliongezeka upana. Siku ya kikao cha baraza la chuo, mwenyekiti, Bi Qamar, akauliza hilo bwawa litafunguliwa lini, na Profesa akasimama akasema kwamba maji ameshayaagiza kwa malori, na kwamba siku ya ufunguzi yeye mwenyewe, pamoja na kocha, wataruka ndani upande wa kina kirefu, mbele ya wageni wote. Baraza likapiga makofi. Kesho yake asubuhi Profesa akawa amekaa kwenye kiti kilekile cha ofisi ya Kavindu, jasho likimtoka.

Kavindu akamsomea kanuni yake yote, pamoja na ile nusu ya pili. Profesa akaitikia kwa kichwa bila kusikia.

"Madam Kavindu, sijui kuogelea."

Kavindu alihisi ndimu zimemjaa puani.

"Na ule mto, Prof?"

"Niliuvuka."

"Kwa kuogelea?"

"Kwa daraja. Lakini kulikuwa na baridi kweli."

Kavindu alimshauri kama alivyomshauri yule mwingine. Aseme tu ana kikohozi, ana mgongo, ana chochote. Profesa akatikisa kichwa. Bi Qamar alikuwa akitafuta sababu ya kumwondoa, na aibu ya namna hiyo ingemtosha. "Halafu sina wasiwasi mno," akaongeza, akijifuta uso. "Nitaruka na Mbaluka. Yule kijana ni samaki. Nikizama kidogo atanidaka, na watu watadhani tunacheza."

Kavindu alifungua mdomo. Akaufunga. Nani angemwambia Profesa kwamba yule samaki ni wa Mwingi? Angekuwa amemwaga siri ya Mbaluka. Wakati bado amekodoa macho, mlango ukabishwa.

"Mwaitu, uko?" Ilikuwa sauti ya Mbaluka.

Profesa akaruka wima. Hakutaka kuonekana pale na mtu yeyote, sembuse kocha wake. Akatazama mlango, akatazama dirisha, na kwa kuwa stoo ilikuwa chini kabisa, akapandisha suruali na kutoka dirishani, Makamu wa Chansela mzima na tai yake. Huko nje alitua mbele ya Tiffany, kiranja wa darasa la michezo, aliyekuwa akila chipsi.

"Niaje Prof," Tiffany akasema.

"Nakagua madirisha," Profesa akasema, akaondoka akikagua mengine mawili njiani.

Ndani, Mbaluka aliingia akitabasamu, jambo lililomtisha Kavindu kuliko yote.

"Mwaitu, nimepata amani. Nimesikia Prof ataruka na mimi. Yule mzee alivuka mto huko majuu, na barafu ndani. Nitamshika mkono tu, atanivuta."

"Mbaluka, mwanangu, nakuomba usiruke."

"Kwa nini? Prof si atakuwa hapo?"

Kavindu aliuma ulimi mpaka ukauma kweli. Alikuwa na dawa ya kila mmoja mkononi, nayo ilikuwa siri ya mwenzake. Akamwomba Mbaluka ruhusa ya kusema japo neno moja kwa Profesa. Mbaluka akakataa, akakumbuka zile soksi, machozi yakamlengalenga. Jioni Kavindu akamfuata Profesa kwenye maegesho na kumwomba ruhusa ya kusema neno moja kwa Mbaluka. Profesa akakataa, akatazama kulia na kushoto, akaingia ndani ya gari kwa mlango wa nyuma ilhali dereva ni yeye.

Malori ya maji yakaja. Wanafunzi walishangilia, na mabaki ya sabuni ya miaka yote yakaamka kwenye nyufa, povu likatanda bwawa zima. Kavindu alisimama ukingoni akijiuliza hatari inaanzia wapi. Maji ya kifundo cha mguu, hapana. Ya goti, mtu akijitahidi sana anaweza kufa. Ya kiuno, labda. Alipofika hapo katika mawazo yake, lori la mwisho likamaliza kumwaga, na upande ule wa kina kirefu maji yalikuwa yamempita Mbaluka kwa urefu na kubaki ya kumfunika hata Profesa akisimama mabegani mwake. Basi hapakuwa na la kujiuliza tena.

Usiku ule hakulala vizuri. Semina ilisema aseme kidogo na kwa wachache, kwa hiyo aliamua kumwahi Bi Qamar faraghani asubuhi ya ufunguzi na kumwomba tu aahirishe, bila kutaja jina. Lakini Bi Qamar alikwama kwenye jamu, akafika sherehe imeanza, akavalishwa shada la maua na kusindikizwa hadi kiti cha mbele huku kwaya ikimwimbia masikioni. Hata ungempigia ngoma asingekusikia.

Mahema yalikuwa yamejaa. Mshereheshaji alitangaza kwamba wakati umewadia. Profesa akatoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo akiwa na kaptura ya maua na miwani ya kuogelea iliyombana mpaka nyusi zikasimama. Mbaluka alikuwa kando yake, kifua wazi, firimbi bado shingoni. Wanafunzi wakapiga kelele.

"Kocha ni mnoma," Tiffany aliwaambia wenzake. "Leo ndio mtaona vile watu huogelea, si hizo story za desk."

Wakasimama ukingoni. Wakashikana mikono. Kavindu aliiona ile mikono jinsi ilivyokamatana, kila mmoja amemng'ang'ania mwokozi wake. Hatari haikuwa mlangoni tena. Ilikuwa imeshavua viatu.

Akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Samahani wageni," akasema. "Mimi ni Mpatanishi wa chuo. Naomba watu hawa wasiruke. Kuna mtu hapa asiyejua kuogelea. Akiingia kwenye hayo maji, atakufa."

Povu likasikika likipasukapasuka. Halafu jambo la ajabu likatokea. Mkuu wa kitivo cha biashara, aliyekuwa amesimama karibu na maji, akarudi nyuma hatua moja. Msajili akarudi mbili. Mlinzi wa bwawa, mwenye fulana iliyoandikwa MWOKOZI mgongoni, akajongea taratibu mpaka nyuma ya kwaya. Kila mtu alidhani amesemwa yeye. Mbaluka alimtazama Kavindu kwa macho ya mtu aliyeuzwa na mama yake mzazi, na Profesa naye vivyo hivyo kupitia miwani. Kavindu akaona wazi kwamba kila mmoja wao anaamini ametajwa, na kwamba kesho hakuna mtu atakayeketi tena kwenye kile kiti kumwambia lolote. Ilimuuma kuliko kupoteza kazi.

Bi Qamar alisimama.

"Mtu gani huyo, Madam?"

Hapo sasa. Mbele, watu wawili waliokuwa wamemwamini. Nyuma, maji. Na Bi Qamar si mtu wa kuachiwa swali lake likining'inia.

"Ni mimi," Kavindu akasema.

"Wewe? Lakini wewe huruki."

"Naruka," Kavindu akasema, akavua kiatu cha kwanza. "Mimi ndiye ninayewatumikia wote wawili, kwa hiyo wakiruka na mimi naruka. Na sijui kuogelea hata kidogo. Muulizeni mume wangu." Akavua cha pili, akapandisha gauni lake la kitenge magotini, akaenda kusimama katikati yao ukingoni, na hakuwa anatania.

Jamani, hajawahi kuonekana mtu aliyeghairi jambo kwa furaha kama Profesa Wahome. Alidaka kile kipaza sauti akatangaza kwamba katika chuo chake usalama wa wafanyakazi hutangulia kila kitu, kwamba hatakubali mama wa watu afe kwa ajili ya sherehe, na kwamba kuruka kumeahirishwa bila tarehe. Mbaluka alipuliza firimbi ndefu ya kuafiki, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Bi Qamar alimtazama Kavindu kwa muda, akawatazama wale wanaume wawili waliovaa kaptura, na kama alielewa kitu alikiweka kifuani mwake. Akaamuru maji yapunguzwe, yasizidi kiuno popote, na Madam Kavindu awe mwanafunzi wa kwanza wa bwawa lile, kwa kuwa chuo hakiwezi kuwa na ofisa anayetishia kujiua kwa maji kila penye sherehe.

Watu walimcheka sana. Wanafunzi wakamwita Mama Maji. Munyoki alizisikia habari kwa kinyozi, akarudi nyumbani akiwa na maswali ya wiki nzima, na mke wake akampa chai. Wafanyakazi wawili au watatu walisema Mpatanishi amerukwa na akili. Kavindu alivumilia, ingawa mara moja alijifungia stoo akalia kidogo peke yake, kwa sababu si rahisi mtu mzima kuwa kichekesho na kutoweza kujitetea.

Masomo yakaanza asubuhi kabla wanafunzi hawajafika. Kavindu alivaa jezi ya zamani ya mwanawe Ndete na leso juu yake. Profesa naye akatangaza kwamba atashiriki kila somo, ili kumtia Madam moyo, akashika ukingo wa bwawa kwa mikono miwili na hakuuachilia. Mbaluka alisimama katikati, maji kiunoni, na akafundisha. Ajabu ni kwamba alifundisha vizuri. Alieleza pumzi, alieleza shingo, alieleza jinsi maji yanavyombeba mtu akiacha kupigana nayo. Ila mwenyewe hakunyanyua mguu kutoka kwenye vigae.

"Kocha," Profesa akamwambia asubuhi moja, "hebu tuonyeshe. Madam ajionee kwa macho."

Mbaluka akamtafuta Kavindu kwa macho. Kavindu alisogea karibu, akapitisha mkono wake chini ya maji ambapo Profesa asingeuona, akauweka mgongoni mwa kijana.

Mbaluka akalala chali. Miguu ilikaza, kisha ikalegea, kisha ikainuka yenyewe na vidole vikatokea juu ya maji. Kavindu akauondoa mkono wake. Kijana akabaki palepale, anaelea, macho yamefumbuka kuelekea angani, mdomo wazi.

"Unaona, Madam," Profesa akasema. "Huyo ni mtu aliyezaliwa majini."

Kavindu alijua kwamba kijana yule alikuwa anaelea kwa mara ya kwanza tangu mama yake amzae. Duniani kote walijua wao wawili tu. Asingeweza kumpigia makofi, asingeweza kumpa hongera, na jioni asingeweza kumsimulia Munyoki kwa nini amerudi nyumbani uso umemng'aa. Furaha ilimjaa mpaka ikamshinda, na machozi yakamtoka mbele ya mkubwa wake.

Profesa akayaona. Akaachilia ukingo kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa bado umeng'ang'ania, akampigapiga begani.

"Usiogope, Madam," akamwambia. "Hata sisi tulianza hivyo hivyo."

"Asante, Prof," Kavindu akasema, akajimwagia maji usoni.